Mbegu ya Oili

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso na kabla hajamsalimu mtu, mama mdogo Matrida hutoka nje na kitambaa begani, huingiza mkono nyuma ya kichwa cha lori lake na kuchomoa kijiti cha kupimia oili. Hukifuta, hukirudisha, hukichomoa tena, kisha hukiinua kuelekea upande jua linakotoka. Oili ikiwa kati ya zile alama mbili, hulipiga lori kofi dogo mlangoni na kusema, "Umeshiba." Ndipo hurudi ndani kuuliza nani ameamka na nani bado.

Nyumba yake iko Butiama, nyuma kidogo ya soko. Lori hukaa uani, kati ya jiko na zizi la ng'ombe wake wachache. Ni Fuso la zamani ambalo zamani lilikuwa la bluu. Saa ya kilomita ilizunguka hadi mwisho, ikarudi mwanzo, ikaanza tena, halafu siku moja ikasimama. Limetembea kiasi gani hakuna ajuaye.

Mwenye lori alikuwa mumewe, baba mdogo Makongoro, aliyefariki kwa maradhi ya figo. Baada ya msiba ndugu wa mume walikaa kikao, wakasema lori liuzwe kwa kuwa hapana wa kuliendesha. Mama mdogo alikuwa amekaa kiti cha utingo miaka mingi, akifunga turubai na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu kila walipokwama mlimani. Aliwasikiliza mpaka wakamaliza. Kisha akaingia kwenye lori, akalitoa uani kwa kurudi nyuma, akaenda nalo hadi barabarani, akalirudisha na kuliegesha palepale lilipokuwa. Hakuna aliyelizungumzia tena suala la kuuza.

Kila alichokijua kuhusu lori alikipata kwa mumewe, na alikishika kama alivyokipokea. Maelezo yake yote yalianza na "Makongoro alisema." Makongoro alisema usizime ghafla injini yenye moto. Makongoro alisema mlima unashukwa na gia uliyoupandia. Madereva wa kiume walimcheka mwanzoni, baadaye wakaanza kumwuliza.

Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, alipata kazi ya pamba kwa jina lake mwenyewe. Alikwenda Bunda, akazungumza na karani wa chama cha wakulima, bwana mmoja aitwaye Clementi, wakakubaliana kwamba lori lake ndilo litakalochukua pamba ya vijiji vya Nyamuswa hadi kiwandani kwa msimu mzima. Msimu wa pamba ni mfupi. Mwenye lori akiupata anapumua mwaka mzima, na akiukosa anabaki kubeba mchanga na kusubiri simu. Sharti la karani lilikuwa moja tu: siku mizani inapofunguliwa, lori liwepo.

Siku moja kabla ya mizani kufunguliwa, mama mdogo alipakia mahindi ya mtu kwenda Musoma. Alipanga ashushe, alale huko, na alfajiri aingie Bunda. Mimi nilipanda nao kwa sababu nilikuwa na vyeti vya kupeleka ofisi moja mjini. Aliyekaa mlangoni alikuwa utingo wake, Ryoba, Mkurya mwenye mvi kidevuni na wajukuu kwao, mtu ambaye angeweza kubishana hata na kibao cha barabarani.

Magunia yalishushwa salama. Ilikuwa wakati wa kuondoka, injini ikinguruma taratibu mbele ya ghala, ndipo taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi.

"Mama," Ryoba akasema, "hiyo taa ya oili inakukonyeza."

"Inakukonyeza wewe. Mimi nina mume."

Lakini alishuka upesi, akachomoa kijiti. Oili ilikuwa kati ya alama, kama asubuhi. Alipokanyaga mafuta taa ilizima, alipoachia ikawaka. Na kutoka chini ya viti vyetu ulianza kusikika mlio ambao sikuwahi kuusikia kwenye lori lile, kama mtu anayepepeta kokoto kwenye ungo.

Alizima. Akachomoa ufunguo. Kisha akasema, "Twende kwa Stanislausi."

Fundi Stanislausi alikuwa rafiki wa Makongoro, na gereji yake iko upande wa mjini unaoelekea ziwani. Hapakuwa mbali, ila mama mdogo hakuwa amefika pale tangu msiba. Kazi ndogo zote za lori alizifanya mwenyewe uani kwake, na kubwa haikuwahi kutokea. Ili injini isiwashwe, tuliomba lori jingine lituvute kwa mnyororo.

Stanislausi alikuwa mtu mnene, mpole. Alimwita mama mdogo shemeji.

"Shemeji, ulinitupa."

"Sijakutupa, shemeji. Gari ilikuwa haiumwi."

"Na huyu Mkurya ndiye unayemlisha siku hizi?"

"Ananilisha vizuri tu," Ryoba akajibu. "Wewe Mjita endelea na furu zako. Mpaka mikono inanuka samaki, halafu unashika nayo injini za watu."

"Furu wana akili. Ndio maana sisi tunatengeneza magari, nyie mnaning'inia nyuma yake."

Wakacheka, wakabinua kichwa cha lori ili injini ionekane. Stanislausi akafungua kifuniko cha kujazia oili, akachungulia, akaingiza kidole kimoja. Alipokitoa, akakitazama kwa muda mrefu kidogo. Hakikuwa na oili inayochuruzika. Kilikuwa kimevaa kitu kizito cheusi, kama kidole kilichochovywa kwenye lami.

"Shemeji," akasema, "oili ya hii gari anamwagaga nani?"

"Namwaga mimi mwenyewe. Nyumbani."

"Mara ya mwisho ilikuwa lini?"

"Mwezi huu huu."

Alinigeukia mimi, kana kwamba anatafuta shahidi. Nilitikisa kichwa kukubali, maana kweli nilimwona. Alilala chini ya lori juu ya gunia, akatoka na beseni la oili nyeusi, kisha akamimina mpya kutoka kwenye kopo.

Stanislausi akaigeukia injini. Alichukua spana akaanza kufungua nati za kava la juu ya injini. Lilikuwa limegandamana, ikabidi aligonge kwa mpini wa nyundo. Lilipoachia lilitoa sauti ya kunyonya, kama mguu unaotoka kwenye tope.

Nilitarajia kuona vyuma. Hapakuwa na chuma. Palikuwa na kitu cheusi kilichojaa pote, kikiwa na umbo lilelile la ndani ya kava, kama ugali uliopoa ukachukua umbo la sufuria. Ncha chache tu za vyuma zilichomoza hapa na pale, kama mawe ya ufukweni ziwa likipungua. Harufu yake ilikuwa ya kitu kilichoungua zamani, kikapoa, kikaungua tena. Stanislausi alichomeka bisibisi katikati, akaiachia. Ikasimama wima.

Ryoba akavua kofia.

 Fundi mwingine aliyekuwa akichomelea geti ng'ambo ya ua alikuja kutazama kilichotunyamazisha. Akaangalia, akashika kiuno, akaondoka bila kuuliza.

"Hii ilikuwa inatembea?" Stanislausi akauliza hatimaye.

"Imekuja na mahindi kutoka Butiama," Ryoba akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Na mzigo?"

"Na mzigo. Imejaa."

Stanislausi akaketi juu ya tairi. "Shemeji, nieleze unavyomwaga. Polepole. Usiruke kitu."

Mama mdogo alimweleza bila wasiwasi wowote. Anapasha injini kidogo. Anaingia chini, anafungua nati ya chini, anaacha oili itoke. "Ikifika nusu, nafunga."

"Unafunga?"

"Nafunga. Naacha mbegu."

"Mbegu ya nini?"

"Mbegu ya oili, shemeji. Si kama kwenye kibuyu cha mtindi? Hauoshi ukamaliza yote. Unaacha kidogo cha zamani, ndicho kinachoshika maziwa mapya."

Stanislausi alimtazama kama anayesubiri acheke. Hakucheka.

"Na filta?"

"Filta siigusi. Ndiyo inayoshika mbegu. Kibuyu kipya hakigandishi vizuri mpaka kizoee."

"Tangu Makongoro afariki hujabadilisha filta?"

"Tangu afariki. Yeye ndiye alisema."

Fundi akainuka. Alitembea hadi ukutani na kurudi. "Makongoro alisema uache mbegu kwenye injini?"

"Alisema."

"Shemeji, Makongoro alikuwa anamwagia hapa. Hapa uliposimama. Mimi nilikuwa namfungulia nati halafu namkimbia, maana alikuwa hataki nifunge. Anaagiza chai, anakunywa, anatazama oili inavyodondoka. Namwambia imeisha, ananiambia bado kuna tone. Anaagiza chai nyingine. Filta alikuwa ananifanya niikate kwa msumeno ili aone ndani kuna nini. Mtu aliyekuwa anagombana na mimi kwa ajili ya tone moja ndiye akwambie uache nusu?"

 Nilimwona mama mdogo akirudi nyuma kichwani mwake, akitafuta. Aligusa kava lililolazwa chini, akaondoa mkono.

"Nilikuwa natikisa kibuyu," akasema. "Nyumbani, mlangoni pa jiko. Akaja ametoka huku Musoma, mikono myeusi. Nikamwuliza, umeshamwaga oili? Akasema nimemwaga, ila nimeacha mbegu, nimejifunza kwako."

"Akacheka?"

"Hakucheka."

"Makongoro hakuwahi kucheka," Stanislausi akasema. "Aliniambia nyumba yangu inaungua, hakucheka. Nilikimbia hadi nyumbani nikamkuta mke wangu anapika samaki."

Mama mdogo akaketi pale fundi alipokuwa ameketi, juu ya tairi. Gauni lake liligusa grisi na hakujali. Nilidhani atalia. Hakulia. Alikuwa na uso wa mtu aliyeitwa kwa jina lake mahali asipojulikana.

"Ulikuwa utani," akasema.

"Ulikuwa utani, shemeji."

"Miaka yote hii."

Ryoba alikuwa amesogea pembeni. Tulimwona akitafuta kitu kwenye simu yake, akikwangua kioo kwa kidole kigumu. Mama mdogo akamtazama.

"Ryoba. Wewe unampigia nani?"

"Yakobo. Wa Kibara."

"Yakobo ana nini?"

Ryoba aliitazama kofia yake. "Mama, mimi nilikuja kazini kwako marehemu ameshaondoka. Nikaona unavyofanya. Nikajua ndiyo kanuni. Sasa Yakobo na mwenzake wana gari za kubeba dagaa, wakaniuliza, nyie hiyo gari yenu ya zamani inatembeaje bila kufa. Nikawafundisha."

"Ukawafundisha nini?"

"Mbegu."

Simu ilikuwa imepokelewa. Ryoba akageuka, akazungumza akiwa ameyapa mgongo macho yetu.

"Yakobo. Uko njiani? Simama pembeni. Ile mbegu, imwage. Hapana, siyo ya mahindi. Ya oili. Yote, ndiyo. Na filta utupe. Nani alisema? Mimi nilisema, na sasa ni mimi nasema umwage. Marehemu alikuwa anatania." Akaiweka simu mbali na sikio. "Ananitukana."

"Mwache amalize," Stanislausi akasema. "Na huyo mwenzake?"

Ryoba akakata simu. "Gari ya mwenzake ilikufa injini kabla ya mvua. Tulikwenda hadi kumpa pole. Tukasema alipewa injini mbovu."

Hapo ndipo mama mdogo alipojifunika uso kwa kile kitambaa chake cha kufutia oili. Alikaa hivyo. Ryoba, mtu wa maneno, alisimama mbele yake kama mtoto aliyevunja chungu.

Stanislausi ndiye aliyeturudisha kwenye lori. Alisema kuna njia mbili. Njia ya haraka ni kuisuuza injini: anachanganya dizeli na oili nyepesi, anaizungusha kidogo bila mzigo, anamwaga, anaweka oili mpya na filta mpya, na alfajiri lori liko njiani kwenda Bunda. Njia ya pili ni kushusha sampu, yaani lile bakuli la chini ambalo oili hukaa, kufungua kila kinachofunguka na kulitoa tope kwa mkono. Hiyo ingechukua siku kadhaa.

"Ya haraka ina ubaya gani?" mama mdogo akauliza kutoka ndani ya kitambaa.

"Tope lililokaa halina shida kubwa, limekaa. Tope linalobanduka ndilo shida. Likibanduka linakwenda kwenye chujio la pampu. Chujio likiziba injini haipati oili hata kama umeijaza. Inaweza isitokee. Inaweza kutokea uko na pamba mlimani."

Mama mdogo alimpigia karani. Aliweka simu kwenye sauti kubwa kwa kuwa mikono yake ilikuwa imechafuka, na sote tulisikia.

"Bwana Clementi, naomba siku chache. Gari imeniharibikia."

"Mama, mizani nafungua kesho. Watu wameshaanza kuleta. Siwezi kuwaambia pamba yao ilale nje mvua ikija."

"Nakuelewa."

"Kuna lori hapa mbele ya ofisi. Dereva wake amelala chini ya gari, anangoja wewe ukosekane. Nikimgusa mguu tu anaamka. Sitaki kumgusa, maana tulikubaliana. Kesho upo au haupo?"

Mama mdogo alimtazama Stanislausi. "Nakupigia sasa hivi," akamwambia karani, akakata. Kisha akasema, "Fanya ya haraka."

"Sawa," fundi akasema. "Lakini acha nishushe sampu kwanza niangalie chujio. Nikikuta liko wazi, nasuuza."

Aliingia chini na Ryoba. Tulisikia spana, kukohoa, Ryoba akisema kitu, Stanislausi akimwambia shika vizuri wewe. Bakuli lilipotoka lilikuwa zito hata likawashinda, likadondoka mchangani na halikumwagika kitu. Lilibaki limejaa, wima, kama lilivyo.

Stanislausi akatoka na kipande kingine mkononi. Ni wavu wa waya wenye ukubwa wa kisosi, ambao pampu huvutia oili kupitia kwake. Wavu wote ulikuwa umezibwa na tope lililokauka kama gamba. Wote isipokuwa sehemu moja, upande, iliyotosha kupita ncha ya kidole changu kidogo.

Alimpa mama mdogo aushike.

"Hapo," akasema. "Injini yote ilikuwa inanywea hapo."

Mama mdogo aliuinua kuelekea mwanga. Kitundu kile kilitupa nukta ya jua kwenye shavu lake. Nilikumbuka magunia, nikakumbuka ule mteremko mrefu tulioushuka asubuhi nikiwa nimesinzia katikati ya mama mdogo na Ryoba, nikatafuta mahali pa kushika.

Alichukua simu.

"Bwana Clementi. Mwamshe huyo dereva."

Kisha akaikunja mikono ya gauni na kumwambia Stanislausi, "Toa yote."

Tulilala kwa binamu yake Musoma, na kila kulipokucha tulirudi gereji. Kazi ile haikuwa na ujanja. Tope lililokuwa laini lilichotwa, na lililokauka lilikwanguliwa. Vyuma vya kukwangulia vilichubua, kwa hiyo mama mdogo alikwenda kwa mama ntilie wa jirani akarudi na miko ya kupikia, na Stanislausi akasema hiyo ndiyo yenyewe, mti haudhuru chuma. Walifungua vipande wakaviloweka kwenye dizeli, wakapuliza vijia vya oili kimoja kimoja mpaka upepo utokee upande wa pili. Karai likajaa, likamwagwa kwenye pipa, likajaa tena. Kila nilipodhani wamemaliza, fundi alifungua kona nyingine, na tukakuta limejaa humo pia. Siku ya kwanza nilishtuka kila mara. Baadaye nilibaki nikikodoa macho tu.

Wapita njia walisimama. Mmoja akauliza kama tunapika lami. Ryoba, ambaye siku nyingine angemjibu mpaka jioni, aliendelea kukwangua.

Mama mdogo hakuzungumza sana. Mara moja tu, akiwa chini ya injini na uso umejaa madoa, alisema, si kwetu, "Angecheka hata kidogo."

"Nani?" Ryoba akauliza.

"Lete mwiko."

Stanislausi alipofika kwenye beringi alizitazama kwa miwani, akazipapasa kwa ukucha. Zilikuwa zimelika, akasema, lakini si za kutupa. Alisema hajui kwa nini. Alilisema neno hilo mara mbili, kama mtu asiyependa kulisema.

Siku ya kuwasha, oili mpya iliwekwa, filta mpya ikafungwa. Stanislausi alizuia dizeli kwanza ili stata izungushe injini bila kuiwasha na pampu ianze kuvuta oili. Mama mdogo alikaa kwenye usukani. Alizungusha. Taa nyekundu iliwaka, ikabaki imewaka. Akapumzisha, akazungusha tena. Taa haikuondoka. Stanislausi alijifuta mikono ambayo ilikuwa safi. Ryoba alikuwa amesimama mbele ya lori akiliangalia kama anayemtazama mgonjwa.

Mama mdogo alizungusha tena, na taa ikazima.

Waliachia dizeli na injini ikawaka. Ule mlio wa kokoto haukuwepo. Niliizoea injini ile kwa sauti yake nzito, nikadhani ndivyo malori yanavyonguruma, na sasa ilikuwa nyepesi kiasi kwamba nilisikia kunguru juu ya paa. Ryoba aliinama chini, akarudi na kidole chenye oili.

"Inavuja huku nyuma."

"Nilijua," Stanislausi akasema. "Sili, ule mpira wa kuzuia oili, imechoka siku nyingi. Tope ndilo lilikuwa linaiziba. Tutaibadilisha msimu ukiisha, sasa hivi ongeza tu kila inapopungua. Na shemeji, baada ya mizigo michache ya kwanza urudi hapa. Kuna mabaki ambayo mikono yetu haikuyafikia, oili mpya itayashusha. Tunamwaga tena, filta tena. Yote."

"Yote," mama mdogo akasema.

Tulifika Bunda mchana. Clementi alikuwa kijana kuliko sauti yake. Alitoka nje ya ofisi na kalamu sikioni, akamsalimu mama mdogo kwa heshima na kumwambia kwamba Nyamuswa imeshachukuliwa. Yule dereva alikuwa amepeleka mizigo tayari na wakulima walimkubali.

"Nimebakiwa na kijiji kimoja," akasema. "Kipo ndani, unavuka mto mara mbili, na daraja la pili ni magogo. Kila mwenye lori ninayemwambia anakumbuka ana msiba. Pamba yao ni nyingi. Ukitaka ni yako, msimu wote."

"Magogo yanabeba?"

"Mwaka jana yalibeba."

"Nataka."

Ryoba alipanda juu ya bodi kuweka turubai sawa, akabaki huko huko, akisema anataka upepo. Nadhani hakutaka kukaa karibu na mama mdogo bado. Kwa hiyo tulikuwa wawili tu mbele. Lami iliisha, tukaingia kwenye barabara ya udongo iliyopita katikati ya mashamba. Pamba iliyosahauliwa na wachumaji ilikuwa imeshika kwenye miba ya ukingoni. Mama mdogo aliendesha kama anavyoendesha siku zote, mgongo wima, akiyakwepa mashimo kabla mimi sijayaona.

Nilikuwa na swali tangu Musoma na sikuwa nimepata namna ya kuliuliza. Mimi si mtu wa kuuliza, na yeye si mtu wa kuulizwa. Tulivuka mto wa kwanza. Maji yalifika nusu ya gurudumu na injini haikusita.

Tulipopanda ng'ambo nikasema, "Mamdogo, umemkasirikia baba mdogo?"

Alibadilisha gia kwanza.

"Ndiyo," akasema. "Tangu tumzike sijawahi kumkasirikia. Leo nimemkasirikia."